Grundig ni mtu au ni nchi?

(Muziki wa kufungua. Unashuka taratibu.)

Hiki ni kipindi chetu cha historia. Leo hatuna mfalme wala jemadari. Vita vitapita katikati ya habari yetu, lakini habari yenyewe ni ya kiwanda cha redio.

Swali limetoka sokoni. Wengi mnamjua fundi wetu wa redio, yule mwenye kibanda cha turubai karibu na mashine ya kusaga. Juu ya meza yake kuna redio moja kubwa ya zamani, ya kushika kwa mkono, yenye antena ndefu. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani aliivusha ziwa ikiwa imefungwa ndani ya kitenge. Alipewa na mtu aliyemfanyia kazi miaka ya sabini, na kwa masafa mafupi ya redio hiyo alikuwa anasikiliza habari kwa Kiswahili kutoka mbali. Siku hizi haiongei. Fundi anasema ataifufua, na mzee anasema haiuzi. Mbele yake pameandikwa GRUNDIG.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja aliyekuja kuchaji simu alinigusa bega akaniuliza: "Mwanangu, wewe si ndiye wa redio? Hilo jina ni la mtu au ni la nchi?" Sikujua. Nilimwambia nitatafuta. Mama yangu, nimetafuta, na jibu nimelileta. Grundig alikuwa mtu. Katika yale aliyoyafanya kuna mambo mawili yanayotuhusu sisi hapa kambini, moja zuri na moja la kutuonya.

(Muziki mfupi.)

Max Grundig alizaliwa mwaka 1908 katika mji wa Nürnberg, kusini mwa Ujerumani. Alipokuwa na miaka 12 baba yake alifariki, mama akabaki na watoto wanne, Max na dada zake watatu. Hakukuwa na pesa ya shule ndefu. Kijana aliwekwa kwenye kampuni ya kufunga mabomba ili ajifunze kazi ya biashara. Mchana alikuwa dukani, jioni alikuwa nyumbani anaunganisha nyaya, kwa sababu wakati huo redio ilikuwa kitu kipya kabisa Ujerumani na vijana wengi walikuwa wanajaribu kujitengenezea wenyewe.

Mwaka 1930, akiwa na miaka 22, alifungua duka la redio pamoja na mwenzake katika mji wa Fürth, ambao umepakana na Nürnberg. Waliuza redio na kuzitengeneza zilizoharibika. Baadaye Max akaanza kutengeneza transfoma, yaani kile kifaa chenye waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi, kinachopandisha au kushusha nguvu ya umeme. Kumbukeni hili: kabla ya kuwa tajiri wa redio, alikuwa fundi wa kutengeneza vilivyoharibika.

Kisha vikaja Vita Kuu ya Pili. Hapa lazima niseme ukweli wote, maana historia ya nusu ni sawa na uongo. Max alihamishia kazi yake kijiji cha Vach, nje kidogo ya mji, akawa anatengeneza transfoma na vifaa vingine vya umeme kwa ajili ya jeshi la Ujerumani. Miongoni mwa waliofanya kazi pale walikuwemo wanawake wa Ukraine waliochukuliwa makwao kwa nguvu na kuletwa Ujerumani kufanya kazi. Vitabu vya kusifu matajiri hupenda kuanza baada ya vita, mtu akitoka mikono mitupu kwenye kifusi. Lakini Max hakutoka mikono mitupu. Alitoka vitani akiwa na mashine, na sehemu ya kazi ya mashine hizo ilifanywa na watu ambao hawakupenda kuwa pale. Tunaojua maana ya kuchukuliwa nyumbani kwa nguvu tusiwasahau wanawake wale, ingawa majina yao hayakuandikwa kwenye redio yoyote.

(Muziki mfupi.)

Mwaka 1945 vita vikaisha na Ujerumani ikawa imeshindwa. Mji wa kale wa Nürnberg ulikuwa umeteketea karibu wote kwa mabomu. Fürth haikuumia kiasi hicho. Katika miaka iliyofuata Wajerumani wapatao milioni 12 walikimbia au walifukuzwa kutoka nchi za mashariki, wakaja na mabegi na mikokoteni kutafuta pa kulala. Na katika mji huohuo wa Fürth ilifunguliwa kambi ya wakimbizi Wayahudi, watu walionusurika mauaji ya Wanazi, wakisubiri nchi ya kuwapokea. Kambi hiyo ilidumu mpaka mwaka 1950. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukifikiria mji ilikozaliwa redio ya yule mzee, usifikirie mji wa raha. Ulikuwa mji wa mgao wa chakula, foleni, na watu wanaotafuta majina ya ndugu zao kwenye orodha.

Na kila mtu alitaka redio. Sababu mnaijua bila mimi kueleza. Mtu aliyepoteza watu wake anataka habari. Lakini redio hazikuwepo. Nyingi zilikuwa zimeungua au zimeharibika, na nchi zilizoshinda vita, zilizokuwa zinatawala Ujerumani, hazikuruhusu mtu yeyote tu kufungua kiwanda na kuunda redio. Kulikuwa na vibali, na redio chache zilizotengenezwa ziligawiwa kwa mpango.

Max alirudisha mashine zake Fürth akaanza na alichokijua, kutengeneza vilivyoharibika. Halafu akafanya jambo la akili. Aliona kwamba mafundi wenzake wanahangaika kwa sababu hawana vipimo. Akawatengenezea vifaa viwili vya kupimia redio mbovu, kimoja akikiita Tubatest na kingine Novatest. Mafundi wakavinunua. Hivyo kabla ya kuuza redio yake mwenyewe aliuza kitu cha kuwasaidia wengine watengeneze zao.

Mwaka 1946 ukaja ule ujanja uliomfanya ajulikane. Redio za wakati ule hazikuwa na transista. Zilikuwa na valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka ndani kama taa ndogo, na bila valvu redio ni sanduku tu, haitoi sauti. Max akajiuliza: nikiuza redio nitahitaji kibali, lakini nikiuza vipande vya redio, bila valvu, mnunuzi aviunganishe mwenyewe nyumbani, hiyo ni redio? Akaamua kwamba si redio. Ni seti ya vipande, kama mchezo wa kujenga wa watoto. Akaiita Heinzelmann. Katika hadithi za Wajerumani hao ni vijitu vidogo vinavyokuja usiku watu wakiwa wamelala, vikamalizia kazi zao bila malipo. Jina zuri kwa kitu ambacho unakifanyia kazi wewe mwenyewe usiku, mezani.

Mnunuzi alipeleka boksi nyumbani. Alifuata maelezo, akaunganisha waya hii na ile, akatafuta valvu kwa njia zake. Nyingine zilitoka kwenye redio za zamani, nyingine zilikuwa valvu zilizobaki za jeshi lililoshindwa. Alipowasha akasikia sauti ya mtu, sauti ile ilikuwa kazi yake pia.

Heinzelmann ilinunuliwa sana. Mwaka 1947 Max akaanza kujenga kiwanda kipya Fürth, barabara ya Kurgartenstraße. Mwaka 1948 Ujerumani Magharibi ikapata fedha mpya, bidhaa zikarudi madukani, na kampuni ikaanza kuuza redio kamili ikiwa na jina la mwenyewe, Grundig.

Nataka ushike hatua hii, maana tutairudia mwishoni. Alianza kwa kuweka kazi mikononi mwa watu. Mafundi aliwapa vipimo, wananchi akawapa vipande. Hakuwaambia wasubiri.

(Muziki mfupi.)

Sasa niwaambie jambo linalohusu kituo chetu chenyewe. Ninyi mnatusikia kwa FM. Mwaka 1948 nchi za Ulaya zilikutana mji wa Copenhagen kugawana masafa ya redio. Ujerumani iliyoshindwa haikuwa na kiti katika mkutano ule, na ikapewa masafa ya kati machache sana, hayakutosha. Ilipokosa nafasi huko, ikageukia FM ambayo wakati ule nchi nyingi za Ulaya zilikuwa hazijaishughulikia. Kituo cha kwanza cha FM cha nchi hiyo kilianza Munich mwaka 1949. FM haifiki mbali, lakini sauti yake ni safi, haina yale makelele ya radi na mikwaruzo. Wajerumani walihitaji redio mpya zenye FM, na Grundig alikuwa miongoni mwa walioziunda mapema na kwa wingi. Walichonyimwa kikawasukuma mbele.

Miaka ya hamsini ikawa miaka yake. Grundig akawa mtengenezaji mkubwa wa redio kuliko wote Ulaya. Alitengeneza redio kubwa za mbao za kuweka sebuleni na redio ndogo za kubeba. Mwaka 1953 aliuza televisheni kwa bei ya chini ya maki 1,000, wakati televisheni nyingi zilikuwa za watu wenye pesa tu. Mwaka 1957 alinunua kampuni mbili za mashine za kupiga chapa, Triumph na Adler. Alifungua viwanda nje pia, Ireland ya Kaskazini mwaka 1960, kisha Ureno. Kuanzia miaka ya sitini zikatoka redio zake za masafa mafupi zilizoitwa Satellit, ambazo watu waliokaa mbali na makwao walizipenda kwa sababu zilishika nchi nyingi. Idhaa ya Kiswahili ya Ujerumani, Deutsche Welle, ilianza mwaka 1963, na redio za namna ile ndizo zilizoweza kuidaka huku kwetu.

Lakini kazi iliyonigusa mimi ni rekoda.

Wajerumani ndio walioleta rekoda ya utepe miaka ya thelathini. Utepe ni ukanda mwembamba wa plastiki uliopakwa unga laini wa chuma chenye kutu. Sauti inaingia kwenye maikrofoni, inageuka umeme, na umeme unakwenda kwenye kichwa kidogo chenye nguvu ya sumaku. Utepe unapopita mbele ya kichwa, chembe za chuma zinajipanga kufuatana na sauti. Ukiurudisha utepe upite tena, chembe zilezile zinaitoa sauti kama ilivyoingia. Mwanzoni mashine hizo zilikuwa kubwa, za vituo vya redio na za ofisi. Miaka ya hamsini Grundig alizifanya ziwe za nyumbani, mfano wa sanduku la safari lenye mpini, na kwa muda alikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa rekoda duniani. Mwaka 1954 akatoa na Stenorette, rekoda ya ofisini. Bosi anasema barua yake kwenye mashine, katibu anaisikiliza baadaye na kuipiga chapa.

Fikiria maana yake. Kabla ya hapo mtu wa kawaida aliweza kusikia sauti za wakubwa kwenye redio, lakini sauti yake yeye ilipotea palepale. Rekoda ya nyumbani ilimwezesha fundi cherehani kuhifadhi sauti ya mama yake. Sisi tulioondoka usiku bila hata picha tunaweza kupima uzito wa jambo hilo. Ningetoa vingi kupata dakika moja ya sauti ya bibi yangu akiita kuku.

(Muziki mfupi.)

Sasa tunafika penye mteremko.

Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha mjini Berlin kitu kidogo kinachoingia mfukoni, utepe uliofungwa ndani ya kasha la plastiki. Hiyo ndiyo kaseti. Grundig hakutaka kufuata kaseti ya mwingine. Mwaka 1965, pamoja na kampuni mbili za Kijerumani, Telefunken na Blaupunkt, akaleta kaseti yake, DC-International. Ilifanana na ile ya Philips, ila vipimo havikulingana. Kaseti ya huku haikuingia kwenye mashine ya kule.

Philips nao wakafanya uamuzi uliomaliza mchezo. Sony ya Japani iliwabana, wakakubali kampuni nyingine zitengeneze kaseti yao bila kulipia hati. Mlango ukafunguliwa. Kila kampuni ikaingia, Wajapani wakaingia, kanda zikashuka bei. Kaseti ya Grundig ikabaki peke yake, na baada ya muda mfupi yeye mwenyewe akaiacha na kuanza kutengeneza mashine za kaseti ya Philips.

Ninyi wakubwa mnaijua kaseti iliyoshinda. Ndiyo iliyobeba rumba kutoka Kinshasa mpaka Bujumbura na Kigoma, ndiyo iliyobeba taarabu, ndiyo watu waliyotumiana kama barua, mtu anaongea pande zote mbili kisha anampa dereva wa basi aifikishe. Iliweza kufika kila mahali kwa sababu mwenye nayo alikubali watu wengine waitengeneze.

Ungedhani somo lilieleweka. Mwaka 1979 Grundig, safari hii akiwa upande mmoja na Philips, alileta mfumo wa mikanda ya video ulioitwa Video 2000. Na ulikuwa mzuri kweli. Mkanda uligeuzwa kama kaseti, saa 4 upande huu na saa 4 upande ule. Lakini VHS ya Wajapani ilikuwa sokoni tangu mwaka 1976, na kampuni nyingi zilikuwa zimeshaipokea. Maduka ya kukodisha filamu yalikuwa yamejaa VHS. Mtu hanunui mashine kwa uzuri wake tu, ananunua ile ambayo jirani anayo, ili waazimane mikanda. Video 2000 ikafa, na pesa nyingi zikafa nayo.

Wakati huohuo televisheni na redio za Japani zilikuwa zinaingia Ulaya zikiwa nzuri na za bei nafuu. Mwaka 1979 Grundig alikuwa na wafanyakazi zaidi ya 38,000. Ukihesabu wake, waume na watoto wao, ni watu wengi kuliko kambi nyingi. Haukupita muda hasara ikaanza, na viwanda vikaanza kufungwa. Kile cha Ireland ya Kaskazini kilifungwa mwaka 1980.

Waliomfahamu Max waliona jambo jingine pia. Kampuni ilikuwa yeye. Tangu lile duka la mwaka 1930 yeye ndiye aliyekuwa anakata shauri, na watu wa kampuni walizoea kumsubiri. Hilo lilifaa kwenye kifusi, ambapo uamuzi wa haraka ni chakula. Halikufaa kwenye kampuni ya watu 38,000, mwenyewe akiwa na zaidi ya miaka 70. Alijaribu kuungana na kampuni ya Kifaransa, Thomson-Brandt, ili washindane na Wajapani pamoja. Mwaka 1983 wasimamizi wa ushindani wa biashara nchini Ujerumani walikataa. Mwaka 1984 Philips wakachukua uongozi, na Max akaondoka kwenye kampuni yenye jina lake. Alifariki Desemba 1989.

Philips nao walishindwa kuinyanyua, wakaiachia miaka ya tisini ikielekea mwisho. Aprili 2003 kampuni ya Grundig ilikwenda mahakamani kutangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake. Ikauzwa vipandevipande. Jina likanunuliwa na kampuni ya Uturuki pamoja na moja ya Uingereza, na tangu mwaka 2007 limebaki kwa Waturuki. Ukiona leo televisheni au friji imeandikwa Grundig, jina ni lilelile, lakini kiwanda cha Fürth hakipo. Jengo moja la zamani la kampuni, pale Kurgartenstraße, liligeuzwa makumbusho ya redio.

(Muziki mfupi.)

Mama uliyeuliza, hilo ndilo jibu. Grundig ni mtu. Lakini sijamaliza, kwa sababu nilipokuwa naandika karatasi hii nilikuwa nafikiria jambo la kwetu.

Wasikilizaji wa siku nyingi mnakumbuka kwamba mwaka jana kipindi hiki kilinyamaza wiki tano. Hatukuwaeleza sababu vizuri. Niieleze leo. Dada mwenzetu ndiye aliyekuwa anajua rekoda yetu, jinsi ya kuiweka, jinsi ya kukata sauti kwenye kompyuta, jinsi ya kuzuia upepo usiingie kwenye maikrofoni. Alikuwa na kipaji, na sisi tulikuwa tunampa kila kazi kwa sababu alikuwa anafanya haraka na vizuri. Kisha jina lake likatoka, akahamishiwa nchi ya tatu. Tulimshangilia, tukampigia ngoma mpaka kwenye basi. Jumatatu tukakaa mezani tukiizunguka rekoda na hakuna aliyejua kuifungua ile menyu. Tulifuta kwa bahati mbaya mahojiano ya wazee watatu. Mmoja wa wazee hao amefariki tangu wakati ule, na sauti yake hatuna.

Simlaumu dada yetu. Yeye aliombwa kufanya, hakuombwa kufundisha. Tuliokosea ni sisi tulioona raha kumwachia.

Hapa kambini jambo hili lina uzito kuliko kwa watu wa mji. Mjini fundi akiondoka unatafuta mwingine. Hapa mtu anaweza kuondoka wiki ijayo, kwa safari ya kurudi nyumbani au ya kwenda mbali, na anaondoka na kila alichokijua kichwani. Kila kikundi chetu kina mtu wa namna hiyo. Kuna mama mmoja anayejua daftari la kikundi cha kuweka akiba, kuna kijana mmoja anayejua pampu ya maji, kuna mwalimu mmoja mwenye maswali ya mitihani. Jiulize wa kwenu ni nani, na nani amekaa karibu naye akijifunza.

Kwa hiyo tumeamua, na nalitangaza ili mtudai. Kuanzia mwezi huu, kila Jumamosi saa tisa alasiri, mlango wa studio utakuwa wazi kwa vijana 6, wasichana 3 na wavulana 3. Watajifunza rekoda ileile tunayotumia hewani. Watakosea, na mtasikia makosa yao kwenye kipindi. Mtuvumilie. Wakimaliza hao watachukuliwa wengine, na waliomaliza ndio watakaowafundisha.

Fundi wa sokoni naye amekubali. Siku atakapoifungua ile redio ya mzee ataifungua mbele ya vijana hao, kipande kwa kipande, awaonyeshe transfoma iko wapi na ilikatika wapi. Mzee ametoa ruhusa kwa sharti moja, kwamba ikiongea tena, yeye ndiye atakayechagua stesheni ya kwanza.

Nilimuuliza atachagua ipi. Akacheka. Akasema tumpe nafasi kwanza asikie ile mikwaruzo tu, inamtosha.

Mimi nawaaga hapa. Kama nyumbani kwako kuna redio, rekoda au kitu chochote cha zamani chenye jina usilolijua, tuletee swali kwenye sanduku la maoni mbele ya studio. Kwaherini, tusikilizane wiki ijayo.

(Muziki wa kufunga.)